Kabla ya Kuniambia Malisho Yameharibika, Niambie Unaanzia Mwaka Gani

Nairobi ina kipimo chake cha malisho, na hakihitaji setilaiti. Ng'ombe wakionekana kwenye kingo za Barabara ya Mombasa, wanang'oa vijinyasi vya katikati ya barabara huku matatu zikiwapigia honi, kila mtu mjini anajua kwamba Kajiado kumekauka. Ilikuwa hivyo 2009, ikawa hivyo 2017, na mwishoni mwa 2022 ikawa hivyo tena, wakati msimu wa tano mfululizo wa mvua ulipokuwa unakosekana. Ni kipimo kibovu, kwa sababu kinachelewa mno. Ng'ombe akishafika mjini, wenzake wengi wamebaki njiani. Lakini hakuna anayebisha kinapima nini.

Vipimo ninavyoshughulika navyo mimi vinabishaniwa kila uchao. Kazi yangu ni kusoma takwimu za setilaiti kuhusu nyanda za malisho, nikiwa nimekaa ofisini Westlands, mbali na ng'ombe yeyote. Kila ripoti kubwa ikitoka, simu yangu hujaa picha za vichwa vya habari kutoka kwa ndugu na marafiki. Ya Mei 2024 ndiyo iliyosambaa zaidi: shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa lilitangaza kwamba hadi asilimia 50 ya nyanda za malisho duniani zimeharibika. "Ni kweli?" wananiuliza. Nikiwajibu kwa swali, unaanzia mwaka gani, wanaona nakwepa. Kumbe jibu lote liko hapo.

Kwanza ukubwa wa kitu chenyewe. Atlasi ya nyanda za malisho iliyotolewa 2021, ambayo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ya hapa hapa Nairobi ilishiriki kuiandaa, inasema nyanda hizo ni asilimia 54 ya nchi kavu yote ya dunia. Humo mna nyika zetu, mbuga za Mongolia, tundra za kaskazini, jangwa la Australia. Kwa Kenya peke yake, maeneo kame na nusu kame ni zaidi ya asilimia 80 ya nchi. Hakuna jeshi la watafiti linaloweza kutembea kote huko na mizani mkononi, kwa hiyo tunapanda juu.

Kinachoonekana kutoka juu ni mwanga, basi. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Ukichukua infraredi ukatoa nyekundu, kisha ukagawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba tunayoiita NDVI. Nyasi mbichi zikirudisha asilimia 32 ya infraredi na asilimia 8 ya nyekundu, unapata 0.6. Udongo mtupu unaorudisha 25 na 20 unakupa 0.11 hivi. Compton Tucker wa NASA ndiye aliyeichambua hesabu hiyo kwa kina katika makala ya 1979, na tangu setilaiti za hali ya hewa za Marekani zilipoanza kuturushia takwimu zake mwaka 1981, sisi wote wa kazi hii tunakula kwenye sahani hiyo.

Ni namba nzuri. Nitaisema vibaya baadaye, kwa hiyo acha niisifu sasa. Ni ya bure, iko kila mahali, haiulizi ruhusa ya chifu, na haichoki. Ina miaka zaidi ya 40. Kabla ya 2008, picha moja ya Landsat 7, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi, iliuzwa karibu dola 600. Baadaye Wamarekani wakafungua ghala lote bure, na kijana wa chuo pale Juja mwenye bando la intaneti akawa na kumbukumbu sawa na profesa wa Maryland.

Shida inaanza pale unapotaka kujua kama mambo yamebadilika.

Chukua setilaiti ya Terra. Ilirushwa Desemba 1999, na kamera yake iitwayo MODIS ilianza kutoa picha za kutumika Februari 2000. Pikseli moja, kile kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 250 kwa 250, yaani kama ekari 15, na kwa kila siku 16 tunachagua siku iliyokuwa na ukijani mkubwa zaidi, kwa sababu wingu hushusha namba na halijui kuipandisha. Kwa miaka mingi hii ndiyo imekuwa rekodi inayopendwa kuliko zote. Nusu ya grafu za malisho ulizowahi kuziona zinaanza 2000.

Sasa mkumbuke mwaka 2000 ulikuwaje hapa. Waliokuwa Nairobi hawajasahau: stima ilikuwa ya zamu. Mabwawa ya Mto Tana yalikuwa yamekauka kiasi kwamba umeme uligawanywa kwa saa, na saluni, posho mill na mafundi wa kuchomelea wakawa wanafanya kazi usiku stima ikirudi. Ukame huo ndio uliokuwa unaua ng'ombe kaskazini. Kwa hiyo rekodi yetu pendwa ilianza kupigwa wakati nchi iko chini kabisa. Ukichora mstari kutoka hapo, maeneo mengi ya Kenya yanaonekana yanapanda. Ukianza miaka miwili nyuma, mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño zilipokuwa zimeifanya hata Wajir kuwa kijani, mstari uleule unaanguka. Nyasi ni zilezile, nchi ni ileile.

Mwisho wa mstari nao una hila zake. Ukiumalizia mwishoni mwa 2022, malisho ya Kenya yamekufa. Ukisubiri mwaka na nusu zaidi, ukaingiza El Niño ya mwisho wa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yamefufuka. Nimewahi kuketi kwenye mkutano ambapo mashirika mawili yalileta grafu mbili za kaunti moja, moja ya kuombea fedha za dharura na nyingine ya kuonyesha mafanikio ya mradi, na zote mbili zilikuwa sahihi.

Mji huu umeliona jambo hili tangu zamani, hata kama umelisahau. Mwaka 1977, kuanzia mwisho wa Agosti, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kwanza kuhusu kuenea kwa jangwa papa hapa Nairobi. Ukanda wa Sahel ulikuwa umetoka kwenye ukame wa kutisha, na dunia ilitaka kujua jangwa linasogea kwa kasi gani. Namba ilikuwepo. Miaka miwili nyuma, mwanaikolojia Hugh Lamprey alikuwa ameruka kwa ndege kaskazini mwa Sudan, akatazama ukingo wa jangwa ulipo, akaulinganisha na ramani ya mimea ya 1958. Akakuta umesogea kusini kilomita 90 hadi 100 katika miaka 17. Gawanya, unapata kilomita tano na nusu kwa mwaka.

Kilomita tano na nusu kwa mwaka! Namba hiyo ilitembea. Iliingia kwenye hotuba, kwenye vitabu vya shule, kwenye maombi ya misaada. Hata mimi niliisikia darasani. Lakini iangalie ilivyotengenezwa: nukta mbili tu. Ya kwanza ni ramani, na mpaka wa jangwa kwenye ramani hiyo ulifuata zaidi mstari wa mvua kuliko mguu wa mtu aliyekwenda kutazama. Ya pili ni safari ya ndege baada ya miaka ya ukame. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walikwenda Sudan miaka ya 1980 wakatafuta jangwa linalopiga hatua, hawakulipata. Kisha 1991 Tucker na wenzake wakachapisha picha za setilaiti za 1980 hadi 1990: ukingo wa Sahara ulikuwa umeshuka kusini hadi 1984, mwaka ule mbaya, halafu ukarudi kaskazini mvua iliporudi. Ulikuwa unapanuka na kunywea.

Simlaumu Lamprey. Alitumia alichokuwa nacho, na alikuwa mtu wa kwenda kuona. Kinachonikera ni jinsi namba ya nukta mbili ilivyobaki ikitembea mitaani miaka mingi baada ya wenye kazi kuiacha.

UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, ilijaribu njia nyingine: iliomba wataalamu zaidi ya 250 duniani waseme, kwa maoni yao, ardhi gani imeharibika na kwa kiasi gani. Ramani hiyo, GLASOD, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa maoni yaliyotiwa rangi. Mwaka 2008 ikaja tathmini nyingine, safari hii ya setilaiti tupu, ikatangaza kwamba asilimia 24 ya ardhi ya dunia ilizorota kati ya 1981 na 2003. Nayo ilipingwa mara moja, hasa kwa namna ilivyoshughulikia mvua, na kwa pikseli zake za kilomita nane, ambazo ndani yake unaweza kuingiza boma, mto, mji mdogo na mlima. Toleo la tatu la atlasi ya dunia ya kuenea kwa jangwa, lililotolewa na watafiti wa Umoja wa Ulaya 2018, liliamua kutotoa kabisa ramani moja ya uharibifu. Walionyesha tabaka za ushahidi, wakamwachia msomaji aone zinapokutana. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika fani hii, na pengine ndio maana hauandikwi kwenye magazeti.

Mvua ndiyo kesi kubwa. Katika nyanda kame, sehemu kubwa ya tofauti ya ukijani mwaka hadi mwaka ni mvua tu, haina uhusiano na ng'ombe wa mtu wala sera ya serikali. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kwa mvua iliyonyesha, je, ardhi imetoa nyasi ilizopaswa kutoa? Unachukua miaka mingi, unatafuta uhusiano wa mvua na ukijani mahali hapo, halafu unatazama mabaki, yaani kile ambacho mvua haikukieleza. Mabaki yakizidi kushuka mwaka baada ya mwaka, kuna jambo. Udongo umebebwa na maji, au mizizi imekufa, au mifugo wamebanwa mahali pamoja.

Inapendeza kwenye karatasi. Lakini mvua yenyewe nani ameipima? Kutoka Isiolo hadi Moyale vituo vya hali ya hewa ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tunategemea makadirio ya setilaiti yaliyorekebishwa kwa vituo hivyo hivyo vichache. Na milimita 100 si milimita 100. Zikinyesha jioni moja kwa hasira, zinaondoka na udongo hadi kwenye laga, mto wa msimu. Zikinyesha kidogo kidogo kwa wiki tano, unapata nyasi za kufika goti. Jumla ya msimu haijui tofauti hiyo, ila mbuzi anaijua.

Mara mojamoja tunatoka ofisini. Tunakwenda Kajiado na fremu ya chuma, nusu mita kwa nusu mita. Inalazwa chini mahali palipopangwa kabla hujaondoka Nairobi, si pale panapokuvutia, maana mkono wa binadamu hupenda penye nyasi. Unapiga magoti. Unakata kila jani lililo ndani kwa mkasi, karibu kabisa na ardhi, unatenganisha kibichi na kikavu, unatoa magugu, mawe, mavi ya mbuzi na sisimizi wenye hasira. Kila kitu kinaingia kwenye mfuko wa karatasi ya kaki. Lebo moja nje na nyingine ndani, kwa sababu ile ya nje husuguana kwenye gari ikafutika, na mfuko usio na jina ni takataka.

Mzee anayetusaidia kule, ambaye anazijua nyasi kwa majina kuliko yeyote kati yetu, aliitazama mifuko ikipakiwa.

"Hizi mnazipeleka wapi?"

"Nairobi, Mzee. Tunakwenda kuzikausha."

Akatazama uwanda, uliokuwa na rangi ya biskuti hadi upeo wa macho. "Kwani hazijakauka?"

Hazijakauka, kwa kweli. Nyasi inayoonekana kavu bado ina maji, na huwezi kulinganisha uzito wa Machi na wa Juni mpaka uyatoe. Ndani ya oveni, nyuzi 60 hadi 70, siku mbili hivi, mpaka uzito ukome kushuka. Tuseme mfuko unatoa gramu 20. Hizo ni gramu 80 kwa mita ya mraba, kilo 800 kwa hekta. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 na robo za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia mbili na nusu ya uzito wake. Ukisema ale theluthi tu, ili mizizi ibaki na nguvu na udongo ubaki na blanketi, hekta ile inamtosha siku arobaini na kitu. Ndivyo gramu 20 zinavyogeuka kuwa kalenda ya mfugaji.

Lakini hata hapo tumepima nyasi zilizobaki, si zilizoota. Ng'ombe walikuwa wamepita jana. Ili kujua ardhi imezalisha nini, unaweka kizimba cha waya ambacho mifugo haiingii, unakata ndani na nje, unakihamisha, unakata tena, msimu mzima. Ni kazi ya kuchosha, na vizimba vina tabia ya kugeuka kuwa milango ya mabanda ya kuku. Setilaiti nayo ina kasoro hiyohiyo. Uwanda ulioliwa vizuri na uwanda usioota kitu vinaweza kuwa na rangi moja kutoka angani.

Yule mzee hakatai vipimo. Ana vyake. Anatazama manyoya ya ng'ombe kama yanang'aa, maziwa ya asubuhi yamefika wapi kwenye kibuyu, na kinyesi. Kinyesi kikitua kigumu, kimejipanga tabaka juu ya tabaka, mnyama anakula nyuzi tupu. Kikiwa laini, amepata majani mabichi. Msidhani huo ni ushamba. Maabara hupiga mwanga wa infraredi kwenye kinyesi kilichokaushwa ili kukadiria protini ya alichokula mnyama, na protini ya malisho ikishuka chini ya takriban asilimia 7, ng'ombe anapunguza kula hata kama amesimama kwenye nyasi za kumfika tumboni.

Hapo ndipo ukijani unapoachana na malisho, na hakuna mahali pa kuliona jambo hilo kama Baringo.

Mti wa mathenge, kwa jina la kitaalamu Prosopis juliflora, uliletwa kwenye tambarare za Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema: kuni, kivuli, kuzuia upepo. Mizizi yake hufuata maji chini sana, kwa hiyo kiangazi kikikausha kila kitu, wenyewe unabaki kijani. Ukatapakaa. Chini yake nyasi hazioti, miiba yake inatoboa tairi, na maganda yake matamu, mbuzi akiyala mno, yanaharibu meno. Jamii ya Ilchamus ilifungua kesi Mahakama Kuu hapa Nairobi mwaka 2006, na katika vuguvugu hilo mbuzi asiye na meno aliletwa kama kielelezo. Watu wakacheka, magazeti yakafurahi. Lakini fikiria pikseli ya mahali alipotoka mbuzi huyo. Iko juu. Iko juu hata mwezi wa Februari. Kwa macho ya setilaiti, hapo ardhi imeponywa.

Laikipia kuna mdungusi uliotapakaa, na kwingineko vichaka vya migunga vinafunga mahali palipokuwa nyasi. Juu ya hayo, hewa ya ukaa iliyoongezeka angani yenyewe inakijanisha mimea. Utafiti wa 2016 uliolinganisha rekodi za setilaiti uliipa sehemu kubwa zaidi ya ongezeko la ukijani duniani. Kwa hiyo kuna sehemu kubwa za dunia ambako mstari unapanda na mfugaji wa ng'ombe anashuka.

Kuna ushahidi mwingine wa hilo, na haukutoka angani juu sana. Tangu 1977 Kenya imekuwa ikituma ndege ndogo kuhesabu wanyama katika nyanda zake, kazi iliyoanzwa na kitengo kilichoitwa KREMU na kurithiwa na idara ya serikali iliyoko Nairobi. Ndege inaruka chini, kwenye mistari iliyopangwa, mtu kila upande anahesabu. Watafiti walipozikusanya hesabu za hadi 2016, waliona wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Ng'ombe wamepungua kama asilimia 25. Kondoo na mbuzi wameongezeka kama asilimia 76, na ngamia nao wakaongezeka. Mla nyasi anaondoka, mla vichaka anaingia. Sijui grafu ya ukijani inayoweza kukuambia hilo.

Namba hizi zisingenisumbua sana kama zingebaki kwenye majarida. Lakini zinalipa watu, au hazilipi. Januari 2010, ILRI na wenzake walianzisha Marsabit bima ya mifugo inayotazama setilaiti badala ya mizoga. Hakuna ajenti anayekuja kuhesabu maiti. Ukijani wa eneo lako ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, unalipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011. Mwanzoni hesabu ilijaribu kukadiria mifugo wangapi wamekufa, kwa hiyo fedha zilikuja wakati wa kuzika. Baadaye ikabadilishwa ili ilipe mara msimu unapofeli, mtu anunue marobota ya nyasi, maji na dawa wakati ng'ombe bado wamesimama. Ni badiliko dogo la fomula, na kwa maoni yangu ndilo jambo la maana zaidi lililowahi kufanywa na NDVI katika nchi hii. Serikali iliingia na mpango wake 2015, ikianzia Turkana na Wajir.

Hata hivyo wastani ni wastani. Upande mmoja wa eneo ukipata mvua na wako ukikosa, namba inasema mko sawa, na wewe hupati kitu. Ukizungumza na watu wa Marsabit, hilo ndilo wanaloanza nalo.

Taarifa za ukame za mamlaka ya kitaifa, NDMA, zinatumia namba iliyo karibu na hiyo. Kama ukijani wa juu kabisa uliowahi kuonekana mahali pako ni 0.6, wa chini kabisa 0.2, na leo ni 0.3, basi uko asilimia 25 ya safari kutoka ubaya hadi uzuri. Kati ya 20 na 35 unaitwa ukame wa wastani. Chini ya 10 ni balaa. Naipenda kwa sababu inalinganisha mahali na historia yake pekee. Lakini 25 ya Narok na 25 ya Mandera si chakula kimoja, na rekodi ya "chini kabisa" inategemea, tena, imeanza mwaka gani.

Bado sijagusa ua, yaani uzio. Mwaka 1988, watafiti Ellis na Swift waliandika kuhusu Waturkana wa kusini makala iliyogeuza fani nzima: mvua kule inabadilika mno kiasi kwamba mifugo na nyasi hazifikii usawa wowote, ukame hupunguza mifugo kabla mifugo haijamaliza nyasi, na kinachowaokoa watu ni kuhama. Tija ya malisho kwa mfugaji anayehama ni ya njia nzima anayopita. Sasa shuka Kitengela. Kati ya Mbuga ya Nairobi na tambarare za Kaputiei, ploti zimekatwa, nyaya zimetandazwa, mawe ya mpaka yamesimama. Ndani ya ua mwingine nyasi zimefika magotini na hakuna mnyama. Setilaiti inaziona, inazijumlisha, inazihesabu kuwa malisho ya kaunti. Ng'ombe wa jirani anazitazama kupitia waya.

Mwaka huu wa 2026 Umoja wa Mataifa umeutenga kwa ajili ya nyanda za malisho na wafugaji, kwa pendekezo la Mongolia, na mkutano wa mkataba wa jangwa umepangiwa nchi hiyohiyo. Nchi zinaripoti kwa mkataba huo kwa kipimo kimoja chenye sehemu tatu: aina ya uoto, tija ya ardhi, na kaboni ya udongoni, kimoja kikishuka, mahali hapo panahesabiwa pameharibika. Mwanzo wa kulinganisha ni kipindi cha 2000 hadi 2015. Kilichokufa kabla ya hapo hakimo.

Na katika jedwali la aina ya uoto, kwa alama zinazokuja na programu ya kompyuta ya kuandalia ripoti hizo, uwanda wa nyasi ukigeuka kuwa eneo la miti unahesabiwa kuwa umeboreka. Nchi inaruhusiwa kubadili alama hiyo. Ni kisanduku kimoja, alama ya kujumlisha inafutwa, ya kutoa inawekwa, na maelezo mafupi yanaambatanishwa. Kwa hiyo ripoti ya Kenya ikitoka, nitaanza na ukurasa wa Baringo kabla ya asilimia ya dunia, nione kile kisanduku kimejazwa vipi.